Bidoni ya Njano Kwenye Pembe ya Picha

Nyumba nyingi zilizosimama miaka hii kati ya Kasongo na Kabambare zilianza na bidoni ya njano. Hazikuanza na jiwe la msingi, wala sala ya padri, wala dua ya shehe. Zilianza na bidoni, lile dumu la plastiki la lita ishirini ambalo kila nyumba kwetu inalo kwa maji au kwa mafuta ya mawese. Aliyeleta mtindo huo ni mchoraji wa ramani za nyumba ambaye sote tulimwita Papa Plani. Nilikaa naye chumba kimoja cha kazi kwa miaka mingi, mimi na mashine zangu za kuchapa na kunakili upande wa mlango, yeye na kompyuta yake upande wa dirisha, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema, ni mimi. Nitamsema. Ila nitangulize lililo zito, mtu asije akacheka pamoja nami halafu akajuta. Mkunga wa kijiji kimoja nyuma ya Wamaza alikufa chini ya ukuta ambao Papa Plani aliuweka mahali pabaya, na kwa muda mrefu tulikuwa watu wawili tu tuliojua kwa hakika kwamba kosa lilikuwa la mchoro na si la mvua. Kwangu mimi habari ya mtu huyu yote ni hiyo: kama angeweza kwenda kumwambia mama wa marehemu hivyo, uso kwa uso, au angeshindwa.

Kazi yake aliifanya hivi. Barabara zetu mnazijua. Mtu wa Lusangi anayetaka kujenga hawezi kumleta mchoraji kijijini kwa urahisi, na mchoraji wetu mwenyewe hakutaka kupelekwa. Aliwahi kuanguka na pikipiki kwenye daraja la miti, akavunjika bega, na tangu siku hiyo akaapa kwamba hatapanda tena chombo chenye magurudumu mawili. Basi ikabidi viwanja vimfuate yeye, kwa simu. Alimtumia mteja ujumbe wa sauti, na maneno yalikuwa daima yaleyale, mpaka mimi niliweza kuyasema pamoja naye kimoyomoyo nikiwa nachapa.

"Papa, kamata bidoni ya njano. Iweke pale pembe ya nyumba itasimama. Simama mbali kidogo, ku ubavu, piga foto. Ukiondoa bidoni, pigilia kijiti palepale."

Picha ikifika, aliiingiza kwenye programu yake ya kuchorea, akaivutavuta mpaka bidoni ya kwenye kioo cha kompyuta ilingane na urefu wa bidoni ya kweli, ambao aliujua kama jina la mama yake. Hapo kila kilichokuwa kwenye picha kilipata kipimo: mti, mteremko, choo cha jirani. "Foto inadanganya mpaka uweke bidoni," alikuwa akisema, na akilisema hilo alikaza shingo kana kwamba nimembishia. Kisha alichora kuta juu ya ile picha, akaweka paa, milango, baraza, na mwisho wa yote alikata kingo za picha, akabakiza kiwanja na nyumba tu. Programu yake ilisema Kifaransa, naye kazi hiyo ya kukata aliiita kuronye. Aliipenda kuliko zote. Kingo ziliingia ndani polepole, migomba ya watu ikatoweka, kuku wakatoweka, kamba za nguo zikatoweka, na nyumba ikabaki peke yake, safi, kama vile hakuna jirani duniani.

Juu ya nyumba aliweka anga. Nalo alikuwa na anga moja tu, alilopiga picha mwenyewe mlangoni petu asubuhi moja ya kiangazi, lenye wingu dogo upande wa kulia. Wingu lile limekaa juu ya maduka, juu ya madarasa, juu ya kanisa moja na misikiti miwili. Nilimtania kwamba siku ya mwisho Mungu ataliulizia wingu lake. Hakucheka. Utani wa kazi haukumwingia, ila utani wa chakula ulimwingia vizuri sana, na ungeweza kumfanya acheke mpaka akohoe kwa kumwambia tu kwamba samaki wa mke wake walikufa mara mbili, mara ya pili sufuriani.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, huwezi kumshika kwa mkono mmoja. Aliwachorea watu nyumba zenye mabafu mawili, naye alipanga nyumba ya udongo ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umevimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Alikuwa mkali kwa wateja, akiwafokea wakubwa na wadogo, lakini redio ikianza kusoma matangazo ya vifo alisimamisha kila kitu, akasikiliza mpaka jina la mwisho, hata kama hamjui hata mmoja, na machozi yakamlenga. Hakumwazima mtu yeyote kipanya chake. Ijumaa alipokwenda kuswali aliniachia kompyuta nzima, bila neno, lakini kipanya alikitia mfukoni. Kichwa chake kilikuwa kigumu. Akisema nimepima, basi amepima, na aliyedhani vinginevyo alikuwa anapoteza mate yake.

Watu wamesema alikuwa anachukia watu, ndiyo maana picha zake hazikuwa na mtu. Si kweli, na hapa nitamtetea, kwa sababu nilikuwapo. Zamani alikuwa akiwaacha. Anayejenga hupenda kuonekana, na wanaopita hupenda kuonekana zaidi. Alimchorea mjane mmoja duka la kando ya soko, na kwenye picha ya kiwanja alikuwa amesimama shemeji wa yule mjane, katikati kabisa, mikono kiunoni. Plani, yaani ile ramani, ikapigwa muhuri wa serikali naye akiwa ndani. Haukupita muda, shemeji akaichukua nakala, akaenda nayo kwa chifu.

"Munaona? Miye njo niko mu plani. Kiwanja iko yangu."

Cheka ukitaka, lakini kwetu karatasi yenye muhuri si kitu cha mchezo, na mtu aliyechapwa juu yake ana pa kuanzia. Kesi iliburutwa mpaka mjane akachoka, akamwachia shemeji nusu ya kiwanja ili apate kulala. Papa Plani aliumia kwa jambo hilo kuliko mjane mwenyewe. Tangu hapo hakuna binadamu aliyebaki kwenye picha zake. Mtoto, mzee, fundi, mwenye mali, wote aliwakata.

Mimi nilikuwa nikiwaona kabla hawajaondolewa, maana meza yangu ilitazama kioo chake. Siku moja alikuwa akimwondoa msichana mdogo aliyekuwa akicheka na ndizi mkononi, nikamwambia, "Papa, huyu mtoto amekukosea nini?"

"Nimekata tu, mama. Sijafuta," alisema. "Angalia."

Akabofya, akaushika ukingo wa picha na kuuvuta nje, na msichana akarudi na ndizi yake. Akausukuma ndani, msichana akaondoka. Ndivyo programu ile ilivyo. Ukikata picha uliyoingiza, haikatwi kama karatasi kwa mkasi. Inafichwa. Yote uliyoyaondoa yanakaa mle ndani, nyuma, mpaka mtu avute kingo. Alijivunia hilo kana kwamba alilibuni yeye, na kila nilipomsumbua juu ya watu wake aliniambia neno lilelile: nimekata tu, sijafuta.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ningependa kulizunguka.

Kijiji nyuma ya Wamaza kilitaka nyumba ya kuzalishia, maternite ndogo, vyumba viwili na baraza. Akina mama walikuwa wakizaa kwenye nyumba ya mkunga mwenyewe, juu ya mkeka, mvua ikivuja. Komite ya kijiji ikachonga miti, ikachoma matofali, na rais wa komite akamwandikia Papa Plani. Papa Plani akatuma sauti yake ya siku zote. Kamata bidoni ya njano.

Hakusema bidoni ya ukubwa gani. Hakuwahi kusema. Ukisema bidoni ya njano huku kwetu, hakuna anayeuliza, kila mtu anaona ishirini. Lakini siku ile ilikuwa siku ya soko la mawese, na bidoni kubwa zote za kijiji zilikuwa zimefungwa kwenye baiskeli, zimekwenda na mafuta. Mkunga akaenda kuchukua ile aliyokuwa nayo, ya lita tano, njano ileile, umbo lilelile, mkono uleule. Aliitumia kuchotea maji ya wazazi. Akaiweka kwenye pembe ya nyumba itakaposimama, upande wa korongo, kwa maana kiwanja kile kilikuwa na korongo la mmomonyoko nyuma yake, lile tunaloita erosio. Halafu akasimama kando ya bidoni, kwa sababu aliyeshika simu alimwambia asimame, au kwa sababu nyumba ilikuwa yake kwa namna fulani na alitaka kuonekana nayo. Kijiti kikapigiliwa palepale.

Nilimwona kwenye kioo cha Papa Plani kwa muda wa kumeza mate. Blauzi nyeupe, kitenge chenye samaki, amesimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa, bidoni mguuni pake. Papa Plani alimkata kabla hata hajaanza kupima. Ndiyo ilikuwa kawaida yake siku hizo: watu kwanza, ili wasimpotezee macho. Kisha akavuta picha, akalinganisha bidoni, akahesabu ni bidoni ngapi zinaingia kati ya pembe na ukingo wa korongo, akaona zinaingia nyingi, nafasi ya kutosha, hata kwa mvua za miaka. Akachora. Akaweka wingu lake. Mimi nikachapa.

Kama angemwacha yule mwanamke mpaka amalize kupima, angeona. Bidoni ya lita ishirini inakaribia goti la mtu mzima. Ile ilimfika katikati ya muundi. Hakuhitaji hesabu yoyote, mguu ule ungetosha kumwambia kwamba kila kitu kwenye picha ile ni kidogo kuliko anavyodhani, na kwamba korongo liko karibu.

Wala si kwamba hakuna aliyemwonya. Fundi mwashi alipiga simu walipofika kwenye msingi. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, nilisikia kila neno.

"Papa Plani, hii kijiti naona iko karibu na erosio. Tusogeze ku barabara kidogo?"

"Usisogeze kitu. Nilipima."

"Lakini papa, miye niko hapa, naona na macho."

"Macho yako ao plani? Plani iko na muhuri."

Fundi akakata simu, wakajenga. Watu wa kijiji nao walikuwa wakiliangalia korongo na kuiangalia karatasi, na karatasi ikashinda. Hilo nalo ni la kwetu, na sijui tutapona lini.

Maternite ilisimama mvua za mwaka wa kwanza. Watoto walizaliwa mle, wengi, na rais wa komite alitutumia picha zao, wekundu, wamefumba macho. Mvua za pili korongo likala ukingo wake usiku kucha, na asubuhi ukuta wa nyuma ukaenda. Hapakuwa na mzazi ndani siku hiyo. Mkunga alikuwa peke yake, anafagia maji yaliyoingia chini ya mlango.

Habari ilitufikia kwa sauti ya rais wa komite, akilia waziwazi. Papa Plani aliisikiliza mara moja tu. Akaifungua ile kazi, ikatokea nyumba na wingu lake, akaiondoa nyumba, ikabaki picha ya kiwanja na bidoni peke yake kwenye nyasi. Nikamwona anashika ukingo wa picha. Akauvuta.

Yule mwanamke akarudi, amesimama wima, kitenge chake cha samaki, bidoni katikati ya muundi. Papa Plani akaliangalia lile dumu na ule mguu, na mimi nikaviangalia. Alivua kiatu chake kimoja, sijui kwa nini, akakishika mkononi muda mrefu. Moyo wangu ulimwonea huruma na papo hapo nilitaka kumpiga nacho.

Watu walisema ni mvua. Wengine wakasema ni mkono wa mtu, kwa kuwa kwetu hakikosi kisemwacho. Hakuna aliyemtaja mchoraji wa Kasongo. Fundi mwashi, ambaye angeweza kusema, alikuwa amehamia kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Lusangi. Papa Plani aliendelea kuja kazini, akisalimia, akiswali Ijumaa zake. Alianza kukonda.

Kisha kaka wa marehemu akaja, kwa pikipiki, matope mpaka mabegani. Kijana wa heshima, alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aingie.

"Jambo papa. Jambo mama. Mama yangu amenituma. Hatuna foto ya dada hata moja. Zote ziliungua pamoja na nyumba, wakati tulikimbia vita. Rais wa komite anasema dada alikuwaka mu foto ya kiwanja, ile alikutumia. Simu yake ilianguka mu maji. Weye uko nayo bado?"

"Iko," alisema Papa Plani.

"Tunataka kumaliza kilio. Mama anataka foto ya kutia mu kadre ku ukuta, watu waombe." Akaiona kwenye kioo, maana Papa Plani alikuwa amekwisha kuifungua, akaweka mkono mdomoni, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Lakini, papa, uondoe bidoni. Abakie yeye peke. Mama anasema mutu hawezi kuombewa pamoja na bidoni."

Hakuna aliyewahi kuombwa jambo jepesi kama hilo. Papa Plani angeweza kusema ukweli pale pale. Mlango ulikuwa wazi, kaka alikuwa mbele yake, mimi nilikuwa shahidi. Nilimtazama nikimngoja. Akaushika ukingo wa chini wa picha, akaupandisha polepole, bidoni ikatoweka, nyayo zikatoweka, muundi ukatoweka, akaachia kiunoni. Akaweka lile anga lake nyuma ya kichwa cha marehemu. Nikachapa kwa wino wangu bora.

"Aksanti, papa," kaka alisema, machozi yakimdondoka. "Mungu akubariki na watoto wako."

Pikipiki ilipoacha kusikika, Papa Plani akasema, bila kunigeukia, "Nimekata tu, mama. Sijafuta."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. La mwisho nililomwambia ni kwamba mama yule anamwombea mwanawe chini ya wingu la mtu aliyemuua, na kwamba asipokwenda kumwambia, basi ahame na kompyuta yake, mimi siwezi tena kuiangalia. Hakuhama, na mimi sikumfukuza. Nilikuwa na ukali wa mdomo tu.

Kuanzia hapo aliacha kukata. Plani zake zikawa kichekesho cha mji. Mtu alitaka choo cha shule, anapewa karatasi yenye choo kidogo katikati na mtaa mzima umekizunguka, wauza vitumbua, mbuzi, watoto wanaotoa ulimi, mwanamke anayesuka mwenzake. Wateja walilalamika. "Papa, hii inafanya nini hapa?" Naye alijibu, "Iko hapo. Iache." Alimtaka kila mteja ampigie picha bidoni ikiwa imeshikwa na mtu mzima, na amtaje mtu huyo ni nani, na ana urefu gani. Baadhi waliacha kuja. Walisema mzee ameanza kuchanganyikiwa, na mimi niliyejua nilifunga mdomo, nikichapa barua za watu.

Mvua zikapita, kiangazi kikaingia. Asubuhi moja alikuja akiwa amevaa kanzu yake ya sikukuu, na chini ya kwapa bahasha ya kaki. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikiweka kipanya mezani kwangu.

"Mama, utanisindikiza? Sina mutu wa kunisemea."

Kwetu mtu hajipeleki peke yake kwenye jambo la msiba. Huenda na mtu wa kufungua maneno, naye mwenyewe husema baadaye. Nikafunga duka.

Yeye aliyeapa hatapanda tena pikipiki alipanda, nyuma ya dereva, macho yamefumbwa, akimkumbatia kijana wa watu kiunoni kama mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa kwenye ya nyuma yake. Tulilala njiani. Kila daraja la miti alishuka, akavuka kwa miguu, akapanda tena bila kusema. Nyuma ya Wamaza tuliipita maternite. Upande wa mbele ulikuwa umesimama bado, mlango, dirisha, baraza. Nyuma yake palikuwa na hewa tu. Alimwomba dereva asimame, akaitazama akiwa amekaa palepale juu ya pikipiki, kisha akasema twende.

Mama wa marehemu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa mashamba. Alitupokea kama wageni wanavyopokewa, akatutandikia mkeka ndani. Picha ilikuwa ukutani, kwenye fremu ya mbao iliyochongwa vizuri, mwanawe kutoka kiunoni kwenda juu, na wingu upande wa kulia. Ua la plastiki lilichomekwa pembeni. Kaka alikuwa shambani. Mama akainama kwenye kona, akanyanyua bidoni ya njano, ile ndogo, akatumiminia maji kwenye vikombe.

Papa Plani alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Mimi nami sikuweza.

Nilifungua maneno kama inavyotakiwa. Nilisema tunatoka Kasongo, na kwamba huyu ndiye aliyechora maternite, na kwamba amekuja kusema jambo na mama amsikilize mpaka mwisho. Mama akamgeukia. Ndipo Papa Plani akaitoa ile picha nzima kwenye bahasha, akailaza juu ya mkeka mbele yake, miguu na bidoni na nyasi na ukingo wa korongo, akaeleza. Hakujificha nyuma ya mvua wala nyuma ya fundi. Alisema alidhani bidoni ni ile kubwa. Alisema fundi alimwuliza na yeye akakataa. Alisema mtoto wa mama alikuwa kwenye picha, naye alimwondoa kabla ya kupima, na kwamba angemwacha asingekosea.

Mama aliivuta picha karibu. Akaweka kidole juu ya muundi wa mwanawe, pale bidoni ilipofika. Kisha akainuka, akaenda kona, akaileta bidoni yenyewe, akaisimamisha kando ya mguu wake mwenyewe, akavuta kitenge juu kidogo. Ilimfika palepale.

"Alisimama pale kukuonyesha," alisema.

Papa Plani aliinamia picha.

"Ulimuona?"

"Nilimuona, mama."

"Ukamukata."

"Nilimukata."

Mama hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimejiandaa kuita majirani, hata kukimbia. Alichukua kikombe kutoka mikononi mwa Papa Plani, akakichukua na changu, akayarudisha maji ndani ya bidoni, akakaza kifuniko. Mgeni akinyang'anywa maji kwetu hana la kungoja tena, kwa hiyo nilishika kitenge changu ili nisimame.

Lakini mama alikuwa bado hajamaliza. Aliiteremsha fremu ukutani, akafungua misumari ya nyuma kwa kisu cha jikoni, akaitoa ile picha ya kiunoni na wingu lake. Akaiweka ile nzima badala yake. Haikuingia vizuri, karatasi ilikuwa kubwa kuliko fremu, na nilimwona akisitasita na kisu juu ya kingo. Akakiweka kisu chini. Akaikunja picha nyuma kwa vidole, taratibu, upande wa nyasi, upande wa anga, mpaka ikaenea, na mwanawe na bidoni wakabaki wote.

Ile nyingine akampa Papa Plani.

"Hii uliikata weye," alisema. "Beba."